Mzani wa Ghala la Viazi

Valparaíso ni mji uliojengwa na watu wenye magoti.
Ngazi juu ya ngazi, rangi juu ya rangi,
na behewa la kupandisha watu kilimani
limebandikwa HALIFANYI KAZI tangu Pasaka.
Dada yangu Mirta akanivuta kinyumenyume,
vipandio mia na kumi na viwili, nilivihesabu,
yeye akimtukana meya,
mimi nikimwombea meya msamaha.

Zahanatini, mzani ni wa kusimamia.
"Asimame kidogo tu," nesi akamwambia Mirta.
Kidogo tu.
Kana kwamba miaka kumi na sita hii
nimekaa kwa ukaidi.

Kitanda cha kupimia kilinifika kidevuni.
Nikakisalimu.
"Anaziona siku zake?" Mirta aliulizwa tena.
Mirta akanitazama, mimi nikatazama ukuta,
picha ya mjamzito, mkono kiunoni,
amesimama, bila shaka.
"Nilikuwa naziona," nikasema.
"Wiki ya tisa sasa sijaziona. Ndicho kilichonileta."

Kalamu ikasita.
Nesi akafunga mlango, akashusha sauti
kama anayeingia nyumba yenye msiba:
"Nani amekufanyia hivi?"

Nikamkumbuka Eleodoro, fundi redio,
anayevua miwani kabla ya kunibusu,
anayejua kuwa chini ya kitovu sihisi baridi
ila nyuma ya sikio nahisi hata wazo.
Nikakumbuka Jumamosi tuliyosahau kufunga breki,
kiti kikatukimbia hadi kabatini,
tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta.

"Hakunifanyia," nikamwambia. "Tulifanyiana."
Silabi mbili tu mkiani mwa kitenzi,
na ndani yake mna kitanda kizima,
watu wawili,
taa inawaka.

Daktari Urrejola alikuwa kijana, mpole, viatu vipya.
Hao wapole ndio wanaonitisha.
"Kwa hali yake," akaanza,
na karatasi ikateleza mezani, ikanipita,
ikatua mbele ya dada yangu.
Akishajifungua, tufunge kizazi moja kwa moja.
Kwa usalama wake. Ndugu akitia sahihi, yatosha.

Mirta, ambaye hajawahi kumaliza kusoma barua ya benki,
aliisoma yote.
Akaomba kalamu.
Nikaacha kupumua.
Akanikabidhi vyote viwili, kalamu na karatasi,
akatoka nje kuvuta sigara.

Nikaandika SITAKI, herufi kubwa, mbaya,
mkono ulikuwa ukitetemeka.
Nikaigeuza. Upande mweupe nikaandika ninachotaka:
kitanda kinachoshuka,
nijibu mwenyewe ninachoulizwa,
na mtu anieleze habari za uchungu,
maana sijui kwangu utaingilia mlango gani:
mabegani? kichwani? jasho?
Juu ya hilo daktari alinyamaza muda mrefu,
kisha, kwa mara ya kwanza, akaniambia mimi:
"Sijui. Nitauliza."

Ni kitu kidogo. Nilikichukua.

Watu wakiniona hunong'onezana, hujafa hujaumbika,
wakigusa magoti yao kwa siri.
Haya. Mimi sijafa,
na humu ndani kuna anayeumbika,
leo kucha, kesho kope,
wala hamnong'onezi mtu.

Jioni tulishuka kwa Nolasco, mwenye ghala la viazi.
Ananuna, anadai tunamchelewesha kufunga,
lakini mzani wake uko chini, usawa wa sakafu,
unapokea gunia, mkokoteni, chochote chenye magurudumu.
Nikapanda na kiti changu. Mshale ukayumba, ukatulia.
Akaandika kwa chaki mlangoni, chini ya bei ya viazi:

Yasna, sabini na tisa.
Toa kumi na nne za kiti.

"Kuna kingine cha kutoa?" akauliza, chaki hewani.

Toa kiti, nikamwambia.
Kitu kingine hatutoi.